Taa za ukungu kwenye pikipiki: kazi ya fundi umeme wa Uyole

Nimelipa pesa yangu mwenyewe, nimeitumia kazi hii masika nzima, na sasa naweza kusema bila wasiwasi: ukitaka kufungiwa taa za ziada kwenye pikipiki huku Mbeya, yuko fundi mmoja karibu na njiapanda ya Uyole anayestahili kungojewa. Si wa bei ya chini, wala hana haraka. Ila ni fundi umeme wa pikipiki wa kwanza niliyemwona anafikiria waya utapita wapi kabla hajafikiria taa itakaa wapi.

Nieleze kwanza ninazitaka taa kwa kazi gani, maana hapo ndipo utajua kama ushauri wangu unakufaa. Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe wilayani Rungwe, yaani nawapandikiza ng'ombe mbegu za dume kwa mkono. Ng'ombe akionekana ameingia joto jioni, kanuni yetu ni kumpandikiza asubuhi inayofuata. Akionekana asubuhi, anapandikizwa jioni ya siku hiyohiyo. Kwa hiyo alfajiri nakuwa barabarani, nyuma nimefunga mtungi wa naitrojeni kimiminika wa kuhifadhia mbegu, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri, na mbele yangu ni ukungu. Aliyewahi kuvuka Isyonje, kwenye barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, kabla jua halijatoka anaujua ukungu wenyewe. Taa kubwa ya pikipiki unaiwasha, mwanga unakurudia usoni, barabara huioni. Na malori ya kwenda na kutoka mpakani Kasumulu yanapita hapohapo.

Taa za ziada nilikuwa nazo tayari. Zilifungwa na fundi mwingine, simtaji jina wala mahali, lakini kazi yake lazima niieleze kwa sababu ndiyo kazi unayoiona kwenye pikipiki nyingi vijiweni. Taa zilikaa kwenye shokapu za mbele. Waya mkubwa ulitoka kwenye betri, ukapita chini ya tanki, ukazunguka shingo ya usukani, ukashuka kwenye taa. Fyuzi hakuna. Viungo vilisokotwa kwa vidole vikafungwa tepu nyeusi. Relei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa) ilikuwepo, ila tangu siku ya kwanza nikiwasha taa ilikuwa inalia chini ya kiti kama nyigu kwenye chupa, na taa zinapepesa. Nilipouliza nikaambiwa relei zote ndivyo zilivyo.

Relei zote hazipo hivyo. Na siku moja, kwenye kona za kushukia Kiwira, nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Inatoka chini ya tanki la petroli. Nilizima, nikaitupa pikipiki kwenye stendi, nikang'oa kiti na kuchomoa waya wa betri. Kila nilipokuwa nakata kona, shingo ya usukani ilikuwa inausaga ule waya kwenye fremu. Ganda likaisha, shaba ikagusa chuma, na kwa kuwa hakuna fyuzi ya kukatika, waya wenyewe ndio ukageuka fyuzi, umeiva kutoka shingoni mpaka karibu na betri. Juu yake palikuwa na lita kadhaa za petroli. Jambo hili bado linanikera ninapoliandika, kwa sababu fyuzi ya pikipiki na kikopo chake haizidi bei ya soda chache.

Ndipo mfugaji mmoja wa kule juu akanielekeza Uyole.

Kijana yule hakushika spana. Alianza kwa maswali. Taa nitaziwasha wapi? Kwa muda gani? Pikipiki ikiwa inatembea au nikiwa nimesimama namngoja mfugaji afungue zizi? Nabeba nini nyuma? Akaniambia niiwashe injini, akatoa mita yake, akapima waya unaokwenda taa kubwa. Mita ikiwa upande wa DC (umeme usiogeuka, kama wa betri) namba zilikuwa zinayumba tu. Akaigeuza upande wa AC (umeme unaogeukageuka), zikatulia.

"Dokta," akasema (huku kwetu kila anayetibu mifugo ni dokta), "huu moto unatoka kwenye koili moja kwa moja, betri haujaiona. Ndiyo maana relei yako ilikuwa inalia."

Hapo nilielewa jambo lililokuwa linanisumbua muda mrefu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo, taa kubwa hailishwi na betri. Inalishwa na koili ya injini, na umeme huo unageuka upande mmoja na mwingine mara nyingi kila sekunde. Ndiyo sababu ukiachia mafuta taa inafifia, ukivuta inang'aa. Relei ya kawaida ya volti 12 imetengenezwa kwa umeme wa betri usiogeuka. Ukiiamsha kwa umeme wa taa kubwa, inavuta na kuachia, inavuta na kuachia. Vigusio vyake vya ndani vinapigana cheche mpaka viungue. Fundi wa kwanza alichukua moto wa kuiamsha relei kwenye waya wa taa kubwa kwa sababu ndio ulio karibu. Huyu wa Uyole alipima kwanza. Tofauti ya mafundi hawa wawili kwangu iko hapo.

Moto wa kuamsha relei akauchukua kwenye waya wa honi, ambao unapata umeme wa betri baada ya funguo kuwashwa. Maana yake ni kwamba nikizima funguo, taa nazo zinazima hata kama swichi nimeisahau. Kwa mtu anayeingia zizini akiwa na mawazo ya ng'ombe, hiyo ni betri iliyookolewa.

Kisha akapima taa zenyewe. Nilikuwa nimenunua mpya za LED, za njano, mbili, na boksi limeandikwa wati 60 kila moja. Akaunganisha moja kwenye betri kupitia mita: ampea 1.5. Zidisha kwa volti 12.6, hazifiki hata wati 19. Nilikasirika, nikidhani nimeibiwa. Yeye akafurahi. Kama kweli zingekuwa wati 60 kila moja, zote mbili zingekula zaidi ya ampea 9, na chaji ya pikipiki ya CC 150 isingezibeba. Ningekuwa nazisukuma pikipiki na mtungi wangu kila asubuhi. Kwa ampea 3 zote mbili, inawezekana. Nawashauri wenzangu wote: yaliyoandikwa kwenye maboksi ya taa hizi yaacheni dukani, mwambieni fundi apime.

Sasa nifike kwenye waya wenyewe, maana hapo ndipo alipotumia muda, na hapo ndipo nilipoketi kwenye benchi lake nikimwangalia kama ninavyowaangalia wanafunzi wa mazoezi.

Kwanza alizihamisha taa. Kutoka kwenye shokapu akazishusha kwenye bampa la kulinda injini, ambalo limefungwa kwenye fremu na haligeuki na usukani. Kwa uamuzi huo mmoja, waya wenye umeme mwingi haukuwa na haja tena ya kupita shingoni. Kinachopanda kwenda kwenye usukani ni waya mwembamba wa swichi tu, unaobeba umeme wa kuamsha relei, ambao hata robo ampea haufiki. Hata ukija kusagika siku moja, hauna nguvu ya kuiunguza pikipiki, na una fyuzi yake. Mimi nilikuwa nadhani relei ni kwa ajili ya taa kuwaka sana. Kumbe kazi yake kubwa ni hii: kuuacha umeme mkubwa utembee njia fupi, na swichi iamuru kutoka mbali.

Fyuzi kuu ya ampea 5 aliiweka kiganja kimoja tu kutoka kwenye betri, chini ya kifuniko cha ubavuni, mahali ambapo naweza kuifikia kwa bisibisi moja usiku. Akanieleza kwamba fyuzi hailindi taa, inalinda waya, na ndiyo maana lazima ikae mwanzoni kabisa. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina wa kukilinda, kwa hiyo kiwe kifupi kadiri iwezekanavyo.

Waya alitumia wa milimita 1.5, ule laini wa magari wenye nyuzi nyingi ndani. Nilikuwa nimemletea bunda la waya wa nyumba uliobaki nilipofunga umeme kwangu, wenye shaba moja nene. Akalikataa. Anasema ule unakaa ukutani ambako hakuna kinachotikisika. Kwenye pikipiki unachoka kwa mtikisiko na kukatika ndani ya ganda, halafu unatafuta tatizo wiki nzima kwa sababu kwa nje unauona mzima. Kuhusu unene, hesabu yake ni hii: kwa waya wa mita 3 kwenda na kurudi, na ampea 3, waya wa milimita 0.5 unapoteza kama volti 0.3 njiani, wa 1.5 unapoteza kama 0.1. Kwa taa za LED tofauti hiyo macho yangu hayaioni, na yeye hakudanganya kwamba nitaiona. Faida ni kwamba waya haupati joto na unavumilia kuvutwavutwa.

Tanki alilitoa. Wengi hawalitoi, wanausukuma waya kwa spoku mpaka utokee upande wa pili. Yeye alilitoa, akafuata njia ileile ya nyaya za kiwandani juu ya bomba kuu la fremu, akaupitisha waya ndani ya bomba laini la plastiki lenye mikunjo, na akahakikisha haulali pale tanki linapokalia zile raba zake mbili. Upande wa kulia, ambako bomba la moshi linatokea, hakupitisha kitu. Nyaya za taa zote mbili zinashuka kushoto, halafu mmoja unavuka mbele ya injini nyuma ya bampa, umbali wa vidole vinne kutoka kwenye kichwa cha silinda. Vile vibanio vya plastiki hakuvikaza mpaka vikaubana waya. Alivikaza kiasi cha kuushika, akakata mikia yake sawasawa ili isichane mikono ya mtu wa kuosha pikipiki. Ule waya mwembamba wa swichi aliuacha na ulegevu shingoni, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, mara kadhaa, kidole chake kikiwa juu ya waya kuhisi kama unavutika.

Upande wa hasi napo nilijifunza. Fundi wa kwanza aliufunga kwenye boliti ya karibu, juu ya rangi na kutu. Tukuyu mvua zetu mnazijua. Boliti ya namna hiyo haimalizi masika bila kuota kutu, na taa zinaanza kuwaka zinavyotaka. Huyu alirudisha waya mweusi wa kila taa mpaka kwenye hasi ya betri. Waya umeongezeka, bei imeongezeka kidogo, na tangu hapo taa hazijapepesa.

Kitu kidogo kilichonipendeza kuliko vyote ni soketi za nyuma ya taa. Kila taa ina soketi yake ya kuchomoa, yenye raba ya kuzuia maji, na mdomo unaangalia chini. Waya haujaingia moja kwa moja. Umeshuka kwanza chini ya soketi, ukafanya pindo, ukapanda kuingia. Maji yakitiririka juu ya waya yanafika kwenye pindo na kudondoka, hayapandi. Niliinama nikatazama siku ya mvua, nikaona tone linakua palepale pindoni, linaanguka, lingine linakuja. Ndani ya soketi pakavu. Viungo vya chini ya kiti vyote vimebanwa kwa koleo kwenye vichwa vya shaba, juu yake mpira mwembamba unaonywea ukipashwa moto. Hakuna tepu nyeusi hata moja kama kiungo. Ameitumia kufunga bomba tu.

Mwisho alipima tena. Injini ikiwa inanguruma taratibu na taa zote zimewaka, betri ilisoma volti 12.3. Maana yake chaji haitoshi, betri ndiyo inalipa. Akavuta mafuta kidogo, ikapanda 13.7, yaani chaji inabeba taa na betri inapata chake. Akaniambia waziwazi: ukisimama kumngoja mtu, zima hizi za ziada, zinafaa ukiwa unatembea. Napenda fundi anayekuambia mwisho wa uwezo wa kitu alichokufungia.

Kuhusu mwanga, nawapa maoni yangu ya ukunguni. Watu wanasema njano inapasua ukungu. Mimi naona rangi imesaidia kidogo, macho hayachoki sana, lakini kilichobadilisha mambo ni taa kushuka chini na mwanga wake kulala barabarani. Sasa nauona mstari wa pembeni na shimo kabla sijalifikia. Ninazima taa kubwa ya juu, nabaki na ya chini pamoja na hizi mbili. Ukungu ukiisha nazizima, kwa sababu hata taa ndogo ikikaa vibaya inamchoma macho anayekuja.

Na hapo ndipo lawama yangu ya kwanza. Taa alizilenga mchana, kwa kukadiria ukutani. Mchana huoni mwisho wa mwanga. Usiku ule ule nilipokuwa narudi, dereva mmoja wa lori alinimulikia mara mbili, na alikuwa na haki. Taa ya kulia ilikuwa juu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ya kulia ndiyo inayomwelekea mwenzako. Inatakiwa ishuke zaidi na igeukie ndani kidogo. Niliirekebisha mwenyewe nyumbani mbele ya ukuta wa banda, nikiwa nimeikalia pikipiki na mtungi ukiwa nyuma, maana uzito wa nyuma unainua pua. Fundi angeweza kumwambia mteja arudi jioni kwa dakika kumi tu.

Lawama ya pili ni swichi. Kaiweka kulia, karibu na mkono wa mafuta. Asubuhi za Isyonje navaa glavu nene, na kuibonyeza inabidi niuachie mkono wa mafuta, tena kwenye ukungu. Nimemwomba aihamishie kushoto na amekubali bila malipo, lakini nadhani angeuliza mwanzoni, jinsi alivyouliza mengine. Swichi yenyewe pia ndiyo kifaa dhaifu kuliko vyote. Haina kifuniko cha raba. Mwambieni aweke yenye raba hata kama inaongeza bei.

La tatu ni foleni. Anafanya kazi yeye na mdogo wake tu, chini ya turubai. Mimi nilifika asubuhi nikaondoka alasiri. Mvua ikipiga sana anasimamisha kazi, na sawa, nisingependa mtu aunganishe waya wangu kwenye maji. Ila mwenye haraka atakereka.

Bei: ufundi alinitoza shilingi 30,000. Relei, vikopo vya fyuzi, waya, soketi na bomba vikafika 28,000, na risiti za dukani alinionyesha. Taa nilikuwa nazo. Ukilinganisha na fundi wa kijiweni anayekufungia kwa 10,000 ukiwa unakunywa chai, ni pesa nyingi. Mimi niliilipa bila kuomba apunguze, nikamwambia ndaga fijo (asante sana, kwa Kinyakyusa), kwa sababu chini ya tanki langu sasa najua kuna nini.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi, na pikipiki iwe imeoshwa. Ikiwa na matope atakurudisha ukaoshe kwanza. Mwambie unabeba mzigo gani nyuma. Omba akuchoree karatasi ya rangi za nyaya, maana hatoi mpaka uombe. Yangu nimeiweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya kiti pamoja na fyuzi mbili za akiba. Na usimwombe akufungie zile taa za bluu na nyekundu za kumetameta, anakataa, hata ukimwongezea.